Kamande za Ijumaa

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka juu ya majani chai, kengele ya mnyapara ililia na milango ya laini ikaanza kufunguka. Laini ni zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai: safu ndefu zilizoezekwa kwa mabati, kila nyumba na jiko lake dogo nyuma, limejaa masizi. Phelis alizaliwa humo. Bila kutoka kitandani aliweza kukuambia ni mlango wa nani unaolia na ni mtoto wa nani anayekataa kunawa uso.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Mama yake, Nyanchoka, alikuwa mjane aliyechuma majani chai kwa jina lake mwenyewe tangu mumewe alipofariki. Asubuhi zilikuwa zao wawili. Phelis aliwasha moto, Mama akakoroga uji, wakasali, kisha wakanywa wakiwa wamekaa karibu na mafiga. Mama alimsimulia mambo ya jana: nani aliteleza matopeni na kikapu kizima mgongoni, nani alimjibu mnyapara akatumwa kuchuma upande wa mwinuko. Walicheka mpaka kengele ilipolia mara ya pili.

Mwezi wa saba mwaka ule wa 1971, asubuhi zikawa za watu watatu. Nyamoita, mdogo wake Mama, alilazwa katika hospitali ya misheni huko Kaplong kwa ugonjwa wa ini, na binti yake Nyambeki akaletwa kukaa kwa mama yake mkubwa. Nyambeki alikuwa na umri sawa na Phelis. Alikuja na nguo mbili na kitabu cha nyimbo, na hakuwa na neno na mtu. Aliamka mapema kuliko wote. Phelis alipotoka kitandani alikuta moto umekwisha kuwashwa, uji unachemka, na Mama anamsimulia Nyambeki habari za mnyapara.

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo. Lakini jambo dogo likiangaliwa kila siku linakua, na Phelis aliliangalia kila siku.

Halafu kukaja habari ya kikapu. Katika mafunzo ya akina mama, ambayo yalifanyika Jumatano jioni katika ukumbi wa shamba, mwalimu wa mambo ya nyumbani aliwafundisha kupika bila kukaa motoni. Kuni za shamba zilikuwa za kugawiwa, na mara nyingi zilikuwa mbichi. Mama alichukua kikapu kikuukuu cha kuchumia chai, akakitandika ndani kwa blanketi lililochakaa na sufu ya kondoo aliyopewa na mkulima mmoja wa ng'ambo ya mto, mama yake Chepkemoi aliyesoma na Phelis. Akashona mto mnene wa kufunika juu. Ukichemsha chakula sawasawa, ukaiingiza sufuria humo ikiwa bado inatokota na kuifunika upesi, joto linabaki ndani na kuendelea na kazi. Wewe unakwenda zako. Sharti moja tu: kikapu kisifunguliwe kabla ya wakati wake. Ukifungua, joto limekwenda, na hakuna moto chini wa kulirudisha.

Mama alimwahidi Phelis kumfundisha. Siku aliyopanga kumfundisha, Phelis alichelewa shuleni kwenye mchezo wa mpira wa mikono. Nyambeki alikuwa nyumbani. Mama akamfundisha Nyambeki.

Nyambeki akajifunza vizuri, na hapo ndipo palipouma. Alipika supu ya kamande, zile dengu ndogo bapa za rangi ya udongo ambazo Mama alizinunua katika duka la Mhindi mjini Kericho. Alitia vitunguu, nyanya, karoti, kiazi kimoja na dania, maji na chumvi, basi. Haikuwa na nyama, maziwa, siagi wala tone la mafuta, na bado Mama aliomba bakuli la pili. Majirani walionja wakasifu. Hata Mzee Ongeri wa nyumba ya pili, mzee wa kanisa ambaye husifu kwa kupima, alisema kwamba chakula hicho kinaweza kuliwa na mtu yeyote. Phelis alikula lake akanyamaza. Mama alipomuuliza ikoje, alijibu kwamba chumvi imezidi kidogo. Haikuwa imezidi.

Barua ikaja kutoka hospitali. Nyamoita angeruhusiwa kutoka Ijumaa ya wiki ile ya kufunga shule. Daktari aliandika asile nyama, maziwa, mayai wala kitu chochote chenye mafuta kwa miezi miwili, na kwamba chakula chake kiwe laini, kwa maana amedhoofika sana. Mama alisoma barua mara mbili, akamtazama Nyambeki, akasema kwa furaha kwamba supu yake ya kamande ndiyo hasa aliyoiandika daktari bila kujua. Nyambeki aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Phelis alitoka nje kwenda kuteka maji, ingawa debe lilikuwa limejaa.

Ijumaa hiyo shule ilifungwa mapema. Phelis na Nyambeki walirudi pamoja na Chepkemoi, mwanafunzi mwenzao, wakipita njia nyembamba katikati ya chai. Walikuwa na ripoti zao mkononi. Nyambeki alikuwa wa tatu, Phelis wa tisa. Chepkemoi, ambaye alikuwa wa ishirini na hakujali, alipenda utani.

"Phelis," alisema, "siku hizi nikifika kwenu sijui nimwamkie vipi mama yako. Nimwite Mama Phelis au Mama Nyambeki?"

Nyambeki alimwambia aache. Chepkemoi akacheka, akavuka mto kwenda kwao, na kabla ya kufika ng'ambo alikuwa amekwisha kusahau alichosema. Phelis hakusahau. Maneno yale yalimwingia kama mwiba wa sindano, unaoingia bila damu na kuuma baadaye.

Nyumbani, Nyambeki hakubadilisha hata sare. Alichagua kamande, akaziosha, akakata vitunguu, akainjika sufuria juu ya moto mkali. Ilipokwisha kutokota kwa muda aliokuwa ameelekezwa, akaitoa kwa vitambaa viwili, akaiingiza kikapuni, akafunika kwa mto na kufunga kamba. Ilikuwa saa nane. Alinawa uso akasema anakwenda stendi kumngoja mama yake, maana basi la kutoka Sotik halikuwa na saa yake maalumu.

"Niangalizie kikapu tu," alimwambia Phelis. "Usikifungue."

"Nani anataka kufungua kikapu chako?" Phelis alijibu.

Alibaki peke yake. Aliketi juu ya gogo, akakitazama kile kikapu kilichokaa pembeni kama mgeni wa heshima. Alijiambia kwamba anataka kuona tu. Akafungua kamba, akainua mto, akainua na kifuniko cha sufuria. Mvuke ulimpiga usoni, wenye harufu ya dania na vitunguu, harufu nzuri. Kama ingenuka vibaya, huenda angefunga tena na kwenda zake. Lakini ilinukia vizuri, na hilo ndilo lililomkasirisha.

Akaitoa sufuria, akaiweka sakafuni karibu na mlango, mahali ambapo upepo wa Agosti hupita ukitoka mashambani, wa baridi kali. Akaiacha wazi. Hakumwaga kitu. Hakutia mchanga wala chumvi. Alijipa moyo kwamba hajaharibu chochote, amepunguza joto tu. Jioni Mama angefungua, angekuta kamande ngumu, angesema, "Kumbe Nyambeki naye bado." Kisha wangeirudisha sufuria motoni, na baada ya nusu saa wote wangekula. Hilo tu. Mara moja tu Mama aone kwamba Nyambeki naye hukosea.

Sufuria ilipopoa hata ikashikika kwa mikono mitupu, aliirudisha kikapuni, akafunika, akafunga kamba kwa fundo lilelile.

Kosa la Phelis lilikuwa katika hesabu yake ya moto. Siku za kufunga shule huchanganya watoto, na alikuwa amesahau siku yenyewe.

Mama alirudi saa kumi, majani yake yamekwisha kupimwa. Alitua kikapu cha mgongoni, na kabla ya kukaa akaanza kuandaa nguo za kesho, akapangusa viatu, akauliza kama taa ina mafuta ya kutosha.

"Tuharakishe," alisema. "Jua likizama, kila kitu kiwe tayari."

Hapo ndipo Phelis alipokumbuka. Ilikuwa Ijumaa. Mama alikuwa mtu wa Sabato, shemasi katika kanisa lao dogo, na hata mnyapara alimkubalia kufanya kazi Jumapili badala ya Jumamosi. Katika nyumba yao, jua la Ijumaa likizama moto ulizimwa, na haukuwashwa tena mpaka jua la Jumamosi lizame. Tangu Phelis azaliwe hajawahi kuona moshi ukitoka katika jiko lao usiku wa Sabato. Majirani walijua hivyo, na kanisani Mama alitajwa kwa hilo.

Lakini bado ilikuwa saa kumi. Moto ulikuwa unawaka. Mama alikuwa akichemsha maji ya ugali, na pembeni mboga zilikuwa zikiiva ndani ya maziwa, kwa namna ya Kisii. Phelis alisimama nyuma yake akishika ukingo wa mlango. Neno moja tu lingetosha, na sufuria ingepanda mafigani, na kamande zingeiva kabla ya jua kugusa miti.

"Mama," alisema.

"Ngoja kwanza, unga utashika madonge." Mama alisonga, akafunika, akajifuta jasho. Akatazama kikapu pale pembeni, akatabasamu. "Unajua, huyu Nyambeki amenishangaza. Mwezi mmoja tu, na mkono wake umetulia kama wa mama mtu mzima. Nyamoita akila supu ile atapona kwa furaha tu. Ulitaka kusema nini?"

Phelis alilitazama debe la maji.

"Hakuna kitu, Mama. Nilitaka kuuliza kama nilete maji."

"Maji yapo."

Aliyaleta hata hivyo. Alikwenda mara mbili bombani, akirudi kila mara akiwa ameamua kusema, na kila mara alipofika mlangoni alisikia tena yale maneno, mkono wake umetulia, na mdomo ukafungwa. Jua halikumngoja. Lilishuka nyuma ya miti ya blugamu bila kujali kwamba kuna mtoto anayelitazama.

Saa kumi na mbili kasoro, Nyambeki alifika na mama yake. Nyamoita alitembea polepole, mkono mmoja begani mwa binti yake. Phelis alikuwa akimkumbuka mama mdogo mwenye mashavu na kicheko. Huyu alikuwa na shingo nyembamba na macho yaliyobaki na umanjano kidogo, na alipoketi kwenye kiti cha Mama aliketi kama mtu anayewekwa na wengine. Lakini alikuwa akitabasamu.

"Njia nzima huyu ananipigia hadithi ya supu," alisema. "Mwezi mzima nimekunywa uji mwepesi. Leo mchana sikula kitu, nimeacha nafasi. Isije ikawa maneno matupu."

"Si maneno matupu, Mama," Nyambeki alisema, na akamwangalia Phelis kwa furaha, kama mtu anayetaka mwenzake ashiriki.

Phelis akageuka akatazama nje. Ukingo wa jua tu ndio uliobaki. Alisema moyoni, sasa, sema sasa. Mama alipita kando yake na kibuyu cha maji, akaingia jikoni, akayamimina juu ya makaa. Makaa yalilia, moshi ukapanda, kukawa kimya.

Waliimba wimbo wa kufungua Sabato. Mama alisoma, akaomba, akamshukuru Mungu kwa kumrudisha mdogo wake akiwa hai. Kisha akaongeza mwanga wa taa, iliyowashwa kabla ya jua kuzama, akamwambia Nyambeki alete kikapu, kwa maana kazi ni yake na heshima ni yake.

Nyambeki alifungua fundo. Akainua mto. Akainua kifuniko, akangoja mvuke, na mvuke haukuja.

Mama alitia kijiko akatoa kamande mbili, akazibonyeza kwa vidole. Zilikuwa ngumu katikati, na mchuzi ulikuwa baridi. Alimuuliza Nyambeki taratibu kama sufuria ilikuwa inatokota kweli alipoitoa motoni.

"Nilidhani inatokota, Mama mkubwa," Nyambeki alisema. "Labda niliitoa mapema. Nilikuwa na haraka ya kwenda stendi. Ni mimi niliyeharibu."

Nyamoita alimshika mkono akamwambia si kitu, atakula ugali. Mboga za maziwa hakuweza kuzigusa. Alimega tonge la ugali mtupu, uliokuwa umekwisha kupoa, akatafuna kwa muda mrefu. Kumeza kukamshinda. Alikohoa, akajipangusa machozi ya kikohozi, akasukuma sahani kidogo na kusema ameshiba, afadhali alale.

Nyambeki aliinamia magoti yake akalia bila sauti.

Hapo Phelis alisimama. Hakujua amesimama mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe.

"Ni mimi niliyefungua kikapu," alisema. "Niliitoa sufuria nikaiacha mlangoni mpaka ikapoa. Nyambeki hakukosea."

Mama aliweka kijiko chini.

"Saa ngapi?"

"Saa nane. Alipoondoka tu."

"Kwa hiyo nilipokuja saa kumi, moto unawaka, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka kusema. Ukamsifu." Machozi yalikuja sasa. "Tangu aje, ni yeye tu. Uji ni yeye, kikapu ni yeye. Hadithi za asubuhi unampa yeye."

Nyambeki aliinua uso. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi kwa Phelis kulisikia. "Mama yangu angekuwa mzima, ningekuwa kwetu," alisema. "Nilikuwa naamka mapema ili nisiwe mzigo. Kama ulitaka kuwasha moto wewe, ungeniambia tu."

Phelis alijifuta pua kwa kiganja, akasema kwamba anaweza kuibeba sufuria mpaka kwa kina Chepkemoi ng'ambo ya mto. Wao wanasali Jumapili, na jikoni kwao moto unawaka. Angekimbia, na angerudi nayo ikiwa imeiva.

Mama alifikiri. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Siwezi kumpa jirani afanye kwa mkono wake lile ninaloogopa kufanya kwa wangu. Bwana wetu aliwaponya wagonjwa siku ya Sabato, na watu wakiangalia. Mgonjwa huyu ni wangu. Nitawasha hapa."

Akachukua kiberiti.

Kuwasha hakukuwa kazi rahisi. Makaa yalikuwa yamelowa na kuni zilizobaki zilikuwa mbichi. Mama aliwapa wote wawili kazi ya kupuliza, mmoja huku na mmoja huku, wakiwa wamepiga magoti, vichwa karibu kugusana. Walipuliza mpaka macho yakawa mekundu. Palitoka moshi tu, mzito na mweupe, ukapanda juu ya mabati mahali ambapo laini nzima ingeuona.

Haukupita muda wakasikia kikohozi nje, kile ambacho Phelis alikijua tangu utotoni.

"Mama Phelis," Mzee Ongeri alisema akiwa gizani, "ni moshi huu ninaouona kwako, au ni macho yangu?"

Mama alianza kuinuka. Phelis alimtangulia. Alitoka nje, akasimama mbele ya mzee huku majivu yamemjaa usoni.

"Ni moshi, Babu," alisema. "Mama mdogo ametoka hospitali na hajala tangu asubuhi. Supu yake ilikuwa tayari ndani ya kikapu. Mimi niliiharibu kwa wivu, nikaficha mpaka moto ukazimwa. Mama hana kosa. Kosa ni langu."

Mzee Ongeri alimtazama, akatazama na jiko. Aligeuka akaondoka, na viatu vyake vikasikika vikienda upande wa nyumba yake. Phelis alirudi ndani akiwa na hakika kwamba mzee amekwenda kuwaita wazee wenzake, na kwamba kesho jina la Mama litatajwa kanisani kwa namna nyingine. Mama alikuwa na hakika hiyo pia, kwa maana aliifunga leso yake upya, akaendelea kupanga vijiti.

Kikohozi kilirudi. Mzee alikuwa amekumbatia vipande vinne vya kuni kavu, amevifunika kwa koti lake visishike unyevu.

"Kwa kuni hizo zenu mbichi, mgonjwa atakula Jumanne," alisema. Akavitua mlangoni, akamsalimu Nyamoita, akamwombea sentensi mbili, akaenda kulala.

Moto ulishika. Kamande zilitokota kwa nusu saa na zaidi kidogo, Nyambeki akikoroga, Phelis akisogeza kuni kila zilipoungua. Nyambeki hakumsemesha, lakini alipohitaji kitambaa alinyoosha mkono, na Phelis akampa. Walipomletea Nyamoita bakuli, alipuliza, akaonja, akafumba macho. Alikula polepole mpaka chini kabisa, akasugua bakuli kwa kipande cha ugali, na rangi ikaanza kumrudia usoni.

"Kweli hayakuwa maneno matupu," alimwambia binti yake. "Niongeze."

Mama alimvuta Phelis akamketisha kando yake, mahali pake pa zamani karibu na mafiga.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Kwanza, la kwangu. Nilikuahidi kukufundisha, nikakuacha. Niliona umekunja uso mwezi mzima, nikasema moyoni ni utoto, utapita. Nilipaswa kukuuliza. Hilo nimekosa, na nitalirekebisha.

"Sasa la kwako. Ulidhani mapenzi ya mama ni kama unga wa posho, kwamba mwenzako akipimiwa, chako kinapungua kwenye gunia. Sivyo yalivyo. Nyambeki amelala kwangu mwezi mzima na hajapunguza hata chembe ya kilicho chako. Wivu ulikudanganya katika hesabu hiyo. Na tazama jinsi unavyofanya kazi: ulikuomba dakika moja tu, ya kufungua kamba. Ukishaupa wivu dakika hiyo, unahitaji kunyamaza ili kuifunika, na kunyamaza kulikula saa nne nzima, moto ukiwa unawaka mbele yako. Ungesema saa kumi, ningekukaripia, na wote tungekula mapema. Ulipochelewa, aliyelipa ni mgonjwa ambaye hakukukosea lolote, na mtoto aliyejilaumu kwa kosa asilolifanya. Lakini ulisema. Ukasema hapa ndani, ukatoka ukasema na nje, palipokuwa pagumu zaidi. Hilo nimeliona, na sitalisahau. Ukiona wivu unaingia, njoo uniambie wivu wenyewe ukiwa bado mdogo. Usiungoje ukue."

Phelis aliitikia kwa kichwa. Nyambeki alikuwa amepakua mabakuli yaliyobaki. Alimsogezea Phelis lake, akaketi upande wa pili wa moto na lake.

Phelis alikula kijiko kimoja, akakula cha pili. Kisha akatamka maneno ambayo mwezi mzima yalikuwa yamemshinda, akiyasema kwa sauti ya kutosha ili mama yake na mama mdogo wasikie.

"Nyambeki, supu yako ni tamu. Hata ile ya kwanza, chumvi haikuwa imezidi."

Nyambeki alimwangalia kwa muda, akiwa bado na macho mekundu ya moshi na kilio.

"Nilijua," alisema, akasogea kumpisha Phelis kwenye joto.